Namba Mbili za Mtoto Mwanariadha

Hotuba ya walimu wa michezo iliyosomwa mjini Kigali katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Tumeombwa tuzungumzie riadha na vijana wetu. Hatutarudia kwamba michezo hujenga afya, maana hayo mmeyasikia kila mwaka. Tunataka kuzungumzia namba mbili tu. Ya kwanza ni muda aliotumia mtoto kumaliza mbio. Ya pili ni mwaka aliozaliwa. Mtoto wa kambini akikosa moja kati ya hizo, hata awe na mbio za swala, atakimbilia humo humo kambini.

Asubuhi ya leo tulipita na wanafunzi wetu nje ya Uwanja wa Amahoro. Wengi wao waliuona kwa mara ya kwanza. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia humo kuokoa maisha yao, wakakaa chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Uwanja huo umejengwa upya, na tarehe 1 Julai 2024 ulifunguliwa tena ukiwa na viti 45,000. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kumbe, mwalimu, hapa nako paliwahi kuwa kambi?" Tulimjibu kwamba ndiyo. Na ikiwa uwanja uliweza kuwa kambi, basi kambi nayo yaweza kuwa na uwanja.

Ndugu zetu, mfano tunao karibu. Katika kambi ya Kakuma nchini Kenya alikuwapo msichana kutoka Sudani Kusini, Rose Nathike Lokonyen. Mwalimu wake wa shule ndiye aliyemshauri ajaribu mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi, lakini alimaliza wa pili. Baadaye Wakfu wa Tegla Loroupe, yule bingwa wa Kenya wa marathoni, uliwachagua yeye na wenzake wakafanye mazoezi Ngong. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Rose alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, kisha akakimbia mita 800. Timu hiyo ilikuwa na watu 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Mwaka 2024 mjini Paris, Perina Lokure Nakang, naye wa Kakuma, alikimbia mita 800 hizo hizo. Hapa Rwanda tunaye Parfait Hakizimana, mkimbizi kutoka Burundi aliyeishi kambi ya Mahama. Yeye alishindana katika taekwondo kwenye michezo ya Paralimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Sasa tuitazame namba ya kwanza. Riadha haina maneno mengi. Katika mbio za mita 5,000 huko Paris, Dominic Lobalu wa timu ya wakimbizi alimaliza wa nne kwa dakika 13, sekunde 15 na nukta 27. Aliyepata shaba alitumia dakika 13, sekunde 15 na nukta 13. Tofauti ni nukta 14, yaani hata kope haijashuka. Hakuna aliyeuliza Lobalu ni mtu wa wapi ndipo ampimie. Saa ilipima, matokeo yakaandikwa. Lakini sisi kambini tunapima kwa macho. Tunasema, "Huyu mtoto ni moto!" Mgeni akituuliza ni moto wa sekunde ngapi, tunatazamana.

Namba ya pili ndiyo nzito zaidi. Mashindano ya vijana ya kimataifa hupangwa kwa umri. Michezo ya Olimpiki ya Vijana, iliyoanzia Singapore mwaka 2010, nayo ina mipaka yake ya umri. Katika mashindano ya riadha ya dunia ya chini ya miaka 20, kama yale ya Nairobi ya Agosti 2021, huangaliwa umri ambao kijana atakuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka ule. Kwa hiyo kosa la mwaka mmoja katika karatasi laweza kumfungia kijana mlango ambao miguu yake imekwisha kuufungua.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu wenyewe. Tulikuwa na mwanafunzi, msichana mpole, aliyewaacha nyuma hata wavulana katika mita 800. Tulimpeleka kwenye mashindano ya shule. Pale mezani karatasi ya familia ilionyesha mwaka mmoja wa kuzaliwa, na rejista yetu ya shule ikaonyesha mwingine. Siku aliyoandikishwa shule hakuwa na karatasi, nasi tulimtazama urefu tukakisia. Waamuzi hawakuwa na ubaya naye. Walituuliza tu, "Tushike ipi?" Hatukuwa na jibu. Alikaa kwenye majani, viatu vya kuazima mkononi, akawatazama wenzake wakizunguka mara mbili. Njiani kurudi hakulia. Aliuliza, "Mwalimu, mimi nina miaka mingapi?" Swali hilo limetufanya tuandike hotuba hii.

Hayuko peke yake. Tazameni karatasi zetu mtaona ni watoto wangapi waliozaliwa tarehe 1 Januari. Hawakuzaliwa wote siku hiyo. Tulivuka mpaka kwa hofu, karatasi zikapotea, karani akauliza tarehe, mzazi hakukumbuka, ikaandikwa hiyo. Hatumlaumu mtu. Lakini kilichoandikwa kwa haraka siku ile ndicho kinachosomwa taratibu miaka 15 baadaye.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu.

Kwanza, kwenu wazazi. Mtoto anayezaliwa leo aandikishwe mapema, na kadi yake ya kliniki itunzwe kama mnavyotunza karatasi ya familia. Kwa mtoto mkubwa mwenye tarehe mbili, njooni sasa tufuatilie pamoja sahihisho, msingoje siku ya mashindano. Na tuambiane ukweli: wapo wanaotaka kupunguza umri wa mtoto ili ashinde wadogo zake. Huo ni wizi wa nafasi ya mtoto wa jirani, na uongo huo utamfuata mwanao hadi kwenye mitihani na kazi.

Pili, kwenu ndugu zetu wa mashirika. Hatuombi uwanja wa kifahari. Tunaomba utepe wa kupimia wa mita 50, saa tatu za kupimia mbio, na daftari gumu. Zaidi ya hayo, tunaomba mtumishi wa usajili aje shuleni siku moja kila muhula, tulinganishe rejista yetu na karatasi zenu, jina kwa jina.

Tatu, kwetu sisi walimu. Tuache kukisia. Mita 100 zipimwe kwa utepe, zisihesabiwe kwa hatua. Mwenye saa aanze kuhesabu anapoona bendera inashuka, asingoje kusikia sauti, kwa kuwa sauti huchelewa kufika. Asimamishe saa kifua cha mkimbiaji kinapofika mstarini, si mkono wala kichwa. Saa tatu zikitofautiana, tuchukue muda wa katikati. Zikiwa mbili, tuchukue ule mrefu. Ndivyo zisemavyo kanuni, na daftari lililoandikwa hivyo kocha yeyote atalisoma bila kutucheka.

Tena tuige jambo moja zuri. Katika Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018, wanariadha hawakuondolewa kwa mbio moja. Kila mmoja alishindana mara mbili, na matokeo yote mawili yakahesabiwa. Basi siku yetu ya michezo, kila mtoto akimbie mara mbili. Aliyeanguka asubuhi apate jioni yake. Watoto wetu wamekwisha kuondolewa mahali pengi, wasiondolewe tena nasi kwa sababu ya kujikwaa mara moja.

Hatutaki kumdanganya mtu. Timu ya wakimbizi ilikuwa na watu 10 Rio, 29 Tokyo na 37 Paris, kutoka mamilioni ya wakimbizi wa dunia nzima. Michezo ya vijana ya mwaka 2026 ilipangiwa Dakar, Senegal, ikiwa mara ya kwanza kwa michezo ya Olimpiki kuletwa Afrika, na hata hivyo wengi wa watoto wetu wataisikia redioni tu. Lakini mtoto anayejua muda wake anajua pia kwamba mwezi ujao anaweza kuupunguza. Na mtoto ambaye umri wake umeandikwa sawasawa atautumia shuleni, hospitalini, kazini na siku ya kurudi nyumbani, hata kama hatakimbia tena.

Yule msichana bado yuko nasi. Karatasi yake inashughulikiwa. Wiki iliyopita tulimpima kwa saa mbili, tukaandika muda ule mrefu, na pembeni yake tukaacha nafasi tupu ya mwaka wa kuzaliwa. Tunaomba mtusaidie kuijaza.