Mzee, Toa Pumzi



Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu kutoka baharini. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 40, kila nilipoulizwa kama najua kuogelea, nilicheka. Swali lenyewe niliona ni tusi.

Mwaka jana magoti yaligoma. Daktari akaniambia niache kukimbia, nitafute maji. Nikajiandikisha kwenye mafunzo ya kuogelea ya watu wazima hapa Dar es Salaam, Jumamosi saa 12:30 asubuhi. Nikubali tu kwamba nilienda kwa kiburi, nikiamini nitawaonyesha wenzangu.

Tulikuwa sita kando ya bwawa. Kocha ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba nikuone mita 25, taratibu tu."

Taratibu gani! Nilijitupa majini nikayapiga maji kama ninayefukuzwa na papa. Nikafika upande wa pili moyo ukigonga hadi masikioni, nikageuka kusubiri sifa zangu.

"Umepiga mikono 34," kijana akasema. "Na pumzi umeibana njia nzima. Mzee, njoo huku kwenye kina kifupi tupulize mapovu."

Mapovu, msikilizaji! Mwanamume wa Tanga, mwenye mvi, ameshika ukingo wa bwawa anapuliza mapovu kama mtoto wa chekechea. Nilikaribia kuvaa viatu vyangu nirudi nyumbani.

Kumbe kijana alikuwa ameona kila kitu kwa ile safari moja. Sisi tuliojifunzia baharini tunaogelea kichwa kikiwa juu. Tunaangalia ngalawa, tunaangalia wenzetu, tunakwepa chumvi machoni. Lakini boya la mwili ni mapafu, nayo yako kifuani. Miguu ni mizito. Ukiinua kichwa, miguu inazama, na kutoka hapo unaburuta mwili uliosimama mshazari. Maji yana uzito unaokaribia mara 800 ya ule wa hewa. Ukiyasukuma kwa kifua, yatakuchosha kabla hujafika popote.

La pumzi ndilo lililonishangaza zaidi. Ule uchungu wa kifua unaokushika majini nilidhani ni kukosa oksijeni. Kocha akaeleza kwamba kwa kawaida kinachokusukuma utafute hewa ni kabonidayoksaidi iliyojaa mwilini, inataka kutoka. Uso ukiwa majini unatakiwa kupuliza mfululizo, kwa pua na mdomo. Ukigeuza kichwa pembeni, kazi iliyobaki ni kuvuta tu. Asiyepuliza hulazimika kutoa na kuvuta kwa nukta ileile moja, na hapo ndipo anapokunywa bwawa.

Tulipuliza mapovu Jumamosi tatu. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja aliyeogopa maji tangu utotoni, amejistiri kwa vazi la kuogelea kuanzia kichwani hadi vifundoni. Siku ya kwanza hakuthubutu kulowesha uso. Wiki ya saba alinipita. Yeye hakuwa na cha kusahau. Alichoambiwa ndicho alichofanya. Mimi kila nikichoka mwili ulirudi Tanga wenyewe, kichwa juu, magoti yakikunjwa kama naendesha baiskeli, ilhali teke linatakiwa litoke nyongani.

Mkono nao nilifundishwa upya, na hapa niliona aibu ya kweli. Nimekulia kwa wavuvi. Nimetazama kafi likiingia majini maelfu ya mara. Mvuvi hayapigi maji kwa kafi. Hulizamisha, akalisimamisha, ndipo akavuta maji kuelekea nyuma, na chombo kikaenda mbele. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nayakandamiza maji kwenda chini kwa mkono ulionyooka, kazi inayoinua mabega na kuuacha mwili palepale. Sasa naacha kiwiko kibaki juu, kiganja na mkono hadi kiwikoni vinakuwa kafi moja. Mita zilezile 25 leo nazimaliza kwa mikono 22, nikitoka majini naweza kuongea.

Wapo watakaosema mtu mzima habadiliki. Mkumbukeni Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Mwaka 2000 kwenye Olimpiki ya Sydney aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa na miaka 22, ana miezi michache tu tangu aanze kujifunza, na bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona. Dunia ilimshangilia na kumcheka kwa pamoja. Ambalo watu hawalisimulii ni kwamba miaka minne baadaye alikuwa ameshuka chini ya sekunde 57. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake.

Tahadhari kidogo kwa anayetaka kuanza. Kocha anayekuagiza uende raundi 20 huku yeye yuko kwenye simu hakufundishi; anakusaidia kulikomaza kosa lako. Anayefundisha anakutazama, anakusimamisha, anakurekebishia jambo moja kisha anakuacha ulizoee. Na bwawani si baharini. Maji ya bwawa hayana mkondo wala wimbi, kwa hiyo hakikisha amekufundisha pia kulala chali ukaelea bila papara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, na hakuna mtindo wa kuogelea unaomkinga mtu aliyejiamini kupita kiasi. Nadhani mnajua namzungumzia nani.

Nimalizie kwa wenye mabwawa, yawe ya hoteli, ya shule au ya klabu. Mabango yenu ya mafunzo karibu yote yana picha ya mtoto, na saa mnazowatengea wakubwa ni zile ambazo wakubwa wako kazini. Tupeni saa moja ya jioni, mara mbili kwa wiki. Wapeni akina mama saa yao peke yao, na mwalimu mwanamke, wengi wanaingoja. Wala msituwekee sehemu ya kina kirefu. Maji ya kufika kifuani yanatosha kupuliza mapovu.