Maji ya Chini ya Ardhi ni Mali ya Nani?

Maji ya mto yakipungua, kijiji kizima huona. Maji ya chini ya ardhi hayaonekani; upungufu wake aghalabu hugunduliwa visima vikishakauka. Kwa hiyo taifa linalotegemea kilimo halina budi kujiuliza mapema: maji hayo ni mali ya nani? India ilichelewa kulijibu swali hilo, na gharama yake ni fundisho kwa kila nchi ya wakulima.

India huvuta takriban robo ya maji yote yanayotolewa chini ya ardhi duniani, na sehemu kubwa kabisa huenda mashambani. Ukame wa miaka ya 1965 na 1966 uliifanya nchi hiyo itegemee ngano ya msaada kutoka Marekani. Serikali ikahimiza mbegu bora, mbolea na visima vya pampu. Jimbo la Punjab likawa ghala la taifa. Wakulima wake, ambao chakula chao cha asili ni ngano, wakapanda na mpunga kwa sababu Serikali iliununua kwa bei ya uhakika. Njaa ilishindwa, na ushindi huo haufai kubezwa.

Hata hivyo, sheria ilibaki ile ya wakoloni. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1882 ilimpa mwenye shamba haki ya kuvuta maji yaliyo chini ya ardhi yake bila kipimo. Asiye na ardhi hakuwa na fungu. Mwaka 1997 Punjab ikaanza kuwapa wakulima umeme wa bure wa kuendeshea pampu. Nia ilikuwa kumsaidia mkulima, lakini faida kubwa zaidi ilimwendea mwenye ardhi kubwa. Maji yaliposhuka, mwenye fedha alichimba zaidi. Mkulima mdogo alikopa ili amfuate, au alinunua maji kwa jirani. Hivyo mali ya wote ikageuka kuwa mali ya mwenye kisima kirefu.

Hatua zilichukuliwa. Serikali Kuu iliunda chombo cha kusimamia maji hayo mwaka 1997, lakini kanuni zake za mwaka 2020 ziliwasamehe wakulima wasiombe kibali, ingawa wao ndio watumiaji wakubwa. Mwaka 2009 Punjab ilipiga marufuku kupandikiza miche ya mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili kilimo kisogee karibu na majira ya mvua. Mavuno nayo yakachelewa. Mkulima akabaki na siku chache za kuandaa shamba la ngano, akazidi kuchoma mabua, na moshi ukafika Delhi. Hadi miaka hii ya karibuni Punjab imekuwa ikivuta kwa mwaka zaidi ya mara moja na nusu ya maji yanayorudi ardhini. Ni dhahiri kwamba marufuku haiwezi kufaulu peke yake, wakati bei ya mpunga na umeme wa bure vinamhimiza mkulima avute zaidi.

Tofauti na hali hiyo ni kijiji cha Hivre Bazar, katika jimbo kame la Maharashtra. Tangu miaka ya 1990 wanakijiji wake wamejenga makinga maji na kupima mvua na visima. Kila mwaka mkutano wa kijiji hutenga kwanza maji ya watu na mifugo, kisha huamua mazao ya kupanda kwa maji yanayosalia. Visima virefu vya kumwagilia vimekatazwa. Katazo hilo linaheshimiwa kwa kuwa limewekwa na wanaolitii.

Ndugu Wananchi, Tanzania haikurithi kosa lile la mwaka 1882. Sheria ya mwaka 2009 imeyaweka maji yote chini ya Rais, akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na Bodi za Maji za mabonde tisa ndizo zinazotoa vibali. Msingi huo ni imara. Lakini kibali bila kipimo ni karatasi tupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila bonde na lipime visima vyake, na kila kijiji kijue hesabu yake, kabla pampu hazijawa nyingi kuliko maji.