Karo Ilirudi Bila Kura ya Mwanakijiji



Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi darasani. Uamuzi huo haukubaki karatasini. Wanavijiji wa Mara, kama wenzao nchini kote, walifyatua matofali na kujenga madarasa kwa nguvu zao wenyewe. Hiyo ndiyo demokrasia ya nchi changa: watu kuamua, kisha kutekeleza.

Lakini bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, na vita dhidi ya Amin ikala akiba ya fedha za kigeni. Taifa lilipobisha hodi katika Shirika la Fedha la Kimataifa likapewa masharti: shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwalimu Nyerere alikataa, na tarehe 1 Januari 1980 akawauliza mabalozi tangu lini Shirika hilo limekuwa Wizara ya Fedha ya dunia. Mwaka 1985 alistaafu akarudi Butiama. Mwaka 1986 mkataba ukatiwa saini. Katika miaka iliyofuata mzazi alidaiwa karo na michango hata shule ya msingi. Karo hiyo haikuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya nchi kupata msamaha wa madeni. Masharti hayo hayakuletwa mbele ya mkutano wa kijiji, si Butiama wala Bunda.

Si kwamba makosa yote yalitoka ng'ambo. Aliyevunja vyama vya ushirika mwaka 1976 hakuwa beberu. Ilikuwa serikali yenyewe, na mkulima hakuulizwa. Sheria ya 1982 ilivirejesha, lakini miaka sita bila sauti ni mingi.

Hata hivyo, tazameni pamba, zao lililompa mzazi wa Bunda fedha ya kulipa karo hiyo. Bei yake hupangwa katika masoko ya mbali. Marekani iliwapa wakulima wake ruzuku, pamba ikajaa sokoni, bei ikaanguka kwa wote. Brazil ilishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, ikashinda, na rufani ya Marekani ikatupwa mwaka 2005. Mwaka 2014 Marekani ilimaliza kesi kwa kuilipa Brazil dola milioni 300. Mkulima wa Bunda hakuwamo katika mapatano hayo.