Vina vya Kiingereza na Sikio la Karani



Twazoea kumcheka mwenzetu atamkapo Kiingereza vibaya. Lakini Waingereza wenyewe hawana tamko moja. Kusini mwa Uingereza maneno "put" na "but" hayana kina kimoja. Kaskazini, huko Yorkshire na Lancashire, vina vyao ni sawasawa. Wala hilo si kosa: ndilo tamko la kale, na watu wa kusini ndio walioligeuza katika karne ya 17.

Mskoti naye huitamka "r" kila iandikwapo. Keats, mshairi mzaliwa wa London, alilinganisha "thorns" na "fawns" kuwa vina, maana kinywani mwake "r" haikusikika. Mwaka 1818 gazeti la Blackwood's, la Edinburgh, likavidhihaki vina vyake kuwa vya kishenzi cha London. Malenga wa Lamu na wa Unguja wayajua mambo hayo.

Nami yamenipata. Bwana mmoja wa kaskazini alinisomea barua ya kuagiza "bucks" 6, yaani mabeberu wa mbegu. Kwa tamko la kwao neno hilo halipambanuki na "books", nami nikapiga taipu "books". Vikaja vitabu 6 vya hesabu, na onyo likaandikwa kwa jina langu, si kwa jina la tamko lake. Tangu siku ile humsomea bwana yeyote maneno yake kabla sijayapiga, hata akinung'unika kuwa nampotezea saa.