Baada ya mazishi, ofisi ya walimu

Kwetu Ugweno, Tanzania, tunajua kuzika. Akifariki mtu Kifula au Shighatini, majirani hupanda mlima na kuni, ndizi na maharage, na kaburi huchimbwa bila ujira. Mtu akijiua, watu bado huja, ila maneno hukauka.

Wenzake kazini ndio husahaulika. Chukulia mwalimu aliyejiua: Jumatatu shuleni jina lake bado limo kwenye ratiba ya vipindi ukutani, madaftari aliyokuwa akisahihisha yako mezani, na wanafunzi wanauliza. Mwalimu mkuu akinyamaza, uvumi ndio utakaosema. Familia ikiridhia, aseme kwamba mwenzetu amejiua. Asieleze namna, wala asitafute wa kulaumiwa. Vitu vyake visiondolewe kimyakimya. Kisha awaendee walimu mmoja mmoja, kwanza yule aliyekaa meza ya jirani, aulize waziwazi: je, nawe umewaza kujiua? Shirika la Afya Duniani linasema swali hilo halimtii mtu wazo hilo. Huweza hata kumpa nafuu.

Lakini nani atajibu ukweli, ilhali kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji? Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Bunge letu nalo lifute chetu. Mwalimu anayekiri kuwa amechoka kuishi apelekwe hospitali, siyo polisi, na mwenzake mmoja afuatane naye.