Ndege wa Jurong na Viwanja vya Halmashauri

Januari 1971, magharibi mwa kisiwa cha Singapore, ilifunguliwa bustani ya ndege yenye ukubwa wa hekta 20. Ilikuwa katikati ya mji wa viwanda wa Jurong. Wazo lilikuwa la Goh Keng Swee, mwanauchumi aliyekuwa waziri wa fedha mwaka 1968, alipokwenda Rio de Janeiro kwa mikutano ya Benki ya Dunia na kuona huko banda kubwa la ndege. Sababu iliyomfanya arudi na wazo la kasuku ilikuwa ya kiuchumi: watu hawakutaka kuishi Jurong.

Miaka kumi kabla, Jurong ilikuwa vinamasi, vilima na mabwawa ya kamba. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa chini ya Mholanzi Albert Winsemius ulifika Singapore mwaka 1960, ukakuta vijana wengi hawana kazi, ukashauri nchi ijenge viwanda. Agosti 1961 ikaundwa Bodi ya Maendeleo ya Uchumi. Vilima vikakatwa, udongo wake ukafukia vinamasi, zikafuata barabara, umeme na maji. Kiwanda cha chuma kilianza uzalishaji 1963 na bandari ikafunguliwa 1965. Hata hivyo wawekezaji walijikokota, na watu wakaubandika mradi jina la upumbavu wa Goh.

Kila kitu ambacho mwekezaji huandikiwa kwenye kipeperushi kilikuwapo. Lakini ghorofa zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi zilikaa na vyumba vitupu. Mtu aliona heri apande basi alfajiri kutoka mjini kuliko kuhamia mahali asipokuwa na ndugu wala jirani anayemjua. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Mji wa Jurong, na neno muhimu katika jina hilo ni mji. Shirika hilohilo lililopangisha viwanja na majengo ya viwanda yaliyo tayari ndilo lililoshughulikia nyumba na bustani. Hao ndege walikuwa sehemu ya bajeti ya viwanda.

Ethiopia ilipita njia nyingine. Kongani ya viwanda ya Hawassa, kusini mwa Addis Ababa, ilizinduliwa Julai 2016 baada ya kampuni ya Kichina kuijenga kwa takriban miezi tisa. Mabanda yake 52 yalilenga ajira 60,000, na mtambo wake wa kusafisha majitaka ulisifiwa. Kampuni ya mavazi ya Marekani, PVH, ilikuja na nyingine. Wasichana wakatoka vijijini kwa maelfu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York wa mwaka 2019 ulikuta mshahara wa kuanzia ni dola 26 kwa mwezi. Hela hiyo ilipaswa kulipa kodi ya chumba katika mji ambao haukujiandaa kuwapokea. Wengi walijibana kwenye chumba kimoja, wengi wakaacha kazi ndani ya muda mfupi, na viwanda vikabaki vinafundisha wafanyakazi wapya kila mwezi. Kisha vita vikazuka kaskazini mwa nchi, PVH ikatangaza kuondoka Novemba 2021, na Januari 2022 Ethiopia ikapoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Vita havikuwa kosa la Hawassa. Vyumba ndivyo vilivyokuwa kosa lake.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, lilijenga mitaa ya viwanda hivyo mikoani. Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje ilikuja 2002, na eneo la Benjamin William Mkapa likajengwa Mabibo, Dar es Salaam. Mabibo ina bahati ambayo haikutokana na mhandisi yeyote: mji ulikuwa umeshafika. Daladala zipo, vyumba vya kupanga vipo, mama lishe yupo. Leo kongani zinakwenda mbali zaidi, kama Kwala mkoani Pwani, ambako reli ya kisasa inafika kwenye bandari kavu. Reli itabeba makontena. Haitamlaza mshonaji anayemaliza zamu saa nne usiku.

Kuna pia mwenye shamba linalochukuliwa. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema tathmini ya fidia ikipita miaka miwili bila kulipwa inakufa, na kazi inaanza upya. Sheria hiyo ni ya haki, kwa sababu familia iliyozuiwa kulima mihogo kwa ajili ya kiwanda kisichoonekana imeshapata hasara ambayo hakuna mthamini aliyeiandika. Eneo linaloanza na kinyongo cha majirani huingia gharama ya uzio na walinzi kabla ya kuuza hata kiwanja kimoja.

Basi diwani aliye kwenye Kamati ya Mipangomiji na Mazingira, ramani ya eneo la viwanda ikiletwa mezani, aulize kwanza kama fidia imelipwa. Kisha atafute kwenye karatasi hiyohiyo viwanja vya nyumba za kupanga, kituo cha daladala, zahanati, soko na shule ya awali. Visipokuwapo, airudishe ramani kwa ofisa mipangomiji kabla ya kupiga kura.