KISU CHA MFUKONI NI CHOMBO CHA SHAMBA

Jembe na panga tunavijua. Leo tuzungumze habari ya kisu cha kukunja, ambacho wengi wetu tunakiona ni cha kumenyea machungwa tu.

Nikupe kisa changu. Hapa Tangini nilipata kuchukua mbegu ya muhogo shambani kwa jirani. Nikatazama majani, mabichi, mashina, manene. Basi, nikakata mzigo nikapanda robo eka. Kisu kilikuwa mfukoni, sikukifungua. Siku ya kung'oa, mihogo kwa nje ilipendeza, lakini ndani ilikuwa na madoa makavu ya kahawia. Mama mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, kwani hukupasua hata mmoja?" Sikuwa na jibu. Chakula cha nyumba nzima tukakitupa.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Si mgeni: ulielezwa na mtaalamu Storey wa Amani, Tanga, mwaka 1936. Huenezwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunapopanda pingili zenye ugonjwa. Majani huweza kuonyesha michirizi ya manjano, lakini mara nyingine hayaonyeshi kitu. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua mbegu, ng'oa mashina machache, kata kila muhogo vipande vipande, usiishie kipande kimoja, maana uozo hujificha. Ukiona kahawia, usichukue mbegu katika shamba hilo.

Sasa, kisu chenyewe kiweje? Chagua chenye bapa nene la chuma kizuri, mpini unaojaa mkononi, na kizuizi imara ili kisijikunje ukakatwa vidole. Kinoe kwa jiwe la kunolea. Kisu butu huponda pingili, na tena hukuponyoka kwa sababu unatumia nguvu nyingi. Kata kuelekea mbali na mwili wako. Ukimaliza kazi, futa utomvu, kausha, tia tone la mafuta penye bawaba, kisha kikunje. Usikiache mahali watoto wanapofika.

Wenye migomba, jambo moja zaidi. Mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa Kagera mwaka 2006, ilionekana jinsi kisu kilichokata mgomba mgonjwa kinavyopeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima. Kwa hiyo kisafishe kwa jiki au kipitishe motoni kila utokapo mgomba mmoja kwenda mwingine. Lakini usikiache motoni mpaka kiwe chekundu, makali yataharibika.

Ndugu yangu, kupasua muhogo mmoja ni kazi ya dakika moja. Kupanda mbegu mbovu ni hasara ya mwaka mzima. Kisu unacho mfukoni. Kifungue kabla ya kupanda, usingoje siku ya kuvuna.